Somo: Kula salama siku ya kutembea Mombasa, ukiwa na mtoto mwenye aleji ya chakula

Idd ikikaribia, ujumbe huanza kuingia kwenye kundi letu la wazazi: "Tunawapeleka watoto pembeani Makadara, sasa huyu wa njugu nimfanyeje?" Skuli zikifunga ni vivyo hivyo, ila hapo safari ni ya Haller Park, mabwawa ya kuteleza kule Nyali, au matembezi ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Binti yangu ana aleji ya njugu na ya kamba, kwa hivyo mifano yangu itaegemea huko. Wako akiwa ni wa mayai au maziwa, badilisha jina la chakula, njia ni ile ile.

Kabla ya hatua zenyewe, shika hili: "hamna" ya muuzaji si jibu. Mtu wa Pwani hapendi kumvunja mteja moyo. Ukimwambia "hii haina njugu, sivyo?" atakwambia haina, tena kwa moyo safi, na wala hajadanganya, maana yeye njugu hakutia. Alichosahau ni mafuta, mwiko, na ule mkono uliochota njugu sasa hivi kumpimia mtu mwengine. Kazi yako ni kuuliza swali lisilojibika kwa "hamna".

Hatua ya kwanza: jua kitu chako hujificha wapi

Karatasi ya daktari itaandika njugu, basi. Mtaani njugu ni kashata, ni chevda, ni mchuzi uliotiwa uzito kwa njugu za kusaga, na wakati mwengine zimo kwenye halua pamoja na lozi au korosho. Mayai ndiyo yanayowaponyoka wengi: katlesi huchovywa kwenye yai kabla ya kuingia karaini, na anayefikiria viazi na nyama peke yake hatalikumbuka. Mkate wa sinia na mkate wa mayai hakuna asiyejua. Maziwa yamo kwenye mtindi wa biriani, na wengine hukandia mahamri kwa maziwa ya unga badala ya tui. Samli nayo ni maziwa, iwe ya pilau au ya halua. Faluda ni maziwa matupu, na juu yake hunyunyizwa lozi au pista. Viazi karai hupakwa unga wa ngano kwengine, wa dengu kwengine, na wapo wanaochanganya. Simsim iangalie juu ya mikate ya baga.

Vya pakiti soma nyuma kila unaponunua, hata kama ni biskuti mlizozizoea. Viwanda hubadilisha viungo bila kupiga mbiu.

Hatua ya pili: dawa kwanza, mkoba wa kuogelea baadaye

Mtoto aliyewahi kuvimba koo, kukosa pumzi au kuzimia kwa sababu ya chakula, dawa yake ni adrenalini. Piriton na cetirizine hutuliza mwasho na vipele, hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoanguka. Adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Kipimo huenda kwa uzito, 0.01 mg kwa kila kilo, kisizidi 0.3 mg kwa mtoto na 0.5 mg kwa mtu mzima. Cha mtoto wako akiandike daktari, na akuonyeshe kudunga kwa mkono wako mwenyewe, iwe mmepewa kalamu ya kujidunga au ampuli na sindano. Beba dozi mbili, maana moja huenda isitoshe.

Sasa joto letu. Adrenalini hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 25 hivi, na haitaki friji wala barafu. Mombasa ya Februari hupita hapo hata kivulini. Mimi huiweka kwenye pochi pamoja na chupa ya maji baridi niliyoizungushia leso ili zisigusane. Usiiache garini, na usiitie kwenye mkoba utakaolazwa juani mkiwa majini. Na isibaki kwa baba aliyekwenda kutafuta pa kuegesha gari! Anayemfuata mtoto ndiye anayebeba dawa.

Mwenye pumu abebe na dawa yake ya kuvuta. Pumu isiyotulia huifanya aleji ya chakula kuwa hatari zaidi, kwa hivyo kama wiki hiyo anakohoa usiku, mwone daktari kabla ya safari.

Hatua ya tatu: piga simu mapema

Sehemu nyingi zenye mabwawa na michezo huzuia chakula cha nje getini. Piga simu siku mbili tatu kabla, omba meneja, si anayepokea simu tu, eleza, na uliza kama mtaruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto mkiwa na barua ya daktari. Andika jina la aliyekukubalia. Mlinzi wa getini hana kosa, ameambiwa azuie, ila jina hilo huokoa mabishano ya nusu saa juani huku watoto wengine wameshalowa.

Waliokwenda Walt Disney World kule Florida huja na hadithi za menyu maalum za wenye aleji, na mpishi anayekuja kuzungumza nawe mezani. Ni kweli, na huruhusiwa hata kuingia na chakula chako. Sheria ya Marekani imetaja vyakula 9 ambavyo lazima vitajwe kwenye pakiti, cha mwisho kuongezwa kikiwa simsim, tangu Januari 1, 2023. Ulaya na Uingereza wanataja 14. Lakini hata huko sufuria ni sufuria, na wazazi wa huko wanauliza maswali haya haya.

Hatua ya nne: muulize aliyeshika mwiko

Hapa ndipo penye kazi, mniwie radhi nikirefusha.

Nenda mapema, kabla ya foleni. Muuzaji mwenye watu ishirini mbele yake hana nafasi ya kufikiri. Salimia kwanza, kisha:

"Mama, hivi viazi umekaanga kwa mafuta yepi?"

"Haya haya, mwanangu."

"Na leo haya mafuta yamekaanga nini na nini?"

Atakuhesabia: viazi, bhajia, samaki, na kamba kidogo asubuhi. Umeshapata jibu lako, na hakuna aliyeona haya. Ungemuuliza "viazi vina kamba?" angecheka akakwambia hapana.

Simama kidogo utazame. Mwiko wa matundu unaopakua bhajia ndio unaopakua katlesi. Ndoo ya chatini ina kijiko kimoja, na kijiko hicho hugusa kila sahani inayopita. Muuza mahindi ya kuchoma ana nusu ya ndimu anayoichovya kwenye pilipili na chumvi, na kama anauza na njugu, mkono unaotia njugu kwenye karatasi ndio unaoshika ndimu ile. Mahindi hayana neno, mwombe akukatie ndimu mpya, au mpakie mwenyewe.

Kwenye hoteli ya kukaa, weita mzuri atakwambia "hakuna shida" kabla hujamaliza kusema. Mwombe amwite mpishi, na mpe kadi iliyoandikwa wazi: "Mtoto huyu akila njugu au kamba, hata chembe, anaweza kukosa pumzi akafa. Tafadhali tumia sufuria safi, mafuta mapya na mwiko uliooshwa." Neno "akafa" liache hapo hapo. Hoteli moja tuliwahi kuambiwa wamezitoa kamba kwenye wali, na kweli walizitoa, moja moja kwa uma, wali ukabaki ule ule. Tangu hapo husema "pika upya", sisemi "toa".

Bafe kwa mwenye aleji kali mimi siitaki kabisa. Vijiko vinahama sahani mbele ya macho yako.

Hatua ya tano: chagua vyepesi

Dafu lililokatwa mbele yenu. Muhogo wa kuchoma. Ndizi, embe na machungwa mliyomenya wenyewe. Yai la kuchemsha kwenye ganda lake kwa asiye na aleji ya mayai. Wali na kuku wa nyumbani ndani ya deli.

Hatua ya sita: mikono

Sabuni na maji, au vitambaa vyenye maji. Sanitaiza huua vijidudu lakini haiondoi njugu mkononi. Kabla ya kula na baada ya pembea, maana vyuma vile vimeshikwa na kila mtoto aliyetoka kula kashata.

Hatua ya saba: ikitokea

Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, na inaweza kuchelewa hadi saa mbili. Vipele peke yake, mpe dawa ya mwasho na umkazie macho. Lakini sauti ikikauka, akikohoa bila kukoma, akipumua kwa mluzi, ulimi ukivimba, akitapika mfululizo pamoja na vipele, au akilegea na kupauka, dunga adrenalini pale pale, halafu ndio upige simu. Mlaze chini, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu. Usimsimamishe wala usimtembeze mpaka garini, mbebe. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, dunga ya pili.

Nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Watu watakuletea maziwa na maji ya ndimu. Wanakutakia heri, lakini asinyweshwe chochote.

Akipata nafuu bado ni hospitali, kwa sababu inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Na hospitali ijue kabla hamjatoka nyumbani, iliyo upande wenu wa maji. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Mkiwa Shelly Beach, msiweke roho ya mtoto kwenye foleni ya feri ya Likoni, na jioni ya Idd daraja la Nyali nalo mnalijua.

Maswali ya wanachama

*Mama wawili, Kisauni:* Dada, mwanangu ana aleji ya njugu. Nimkataze na nazi? Maana hapo ni kama nimemkataza chakula chote cha kwetu.

Usimkataze kwa sababu ya njugu peke yake. Njugu ni jamii ya kunde, nazi ni kitu mbali, na wengi wenye aleji ya njugu, hata ya korosho, hula nazi bila tatizo. Wamarekani wenyewe waliitoa nazi kwenye orodha yao ya lozi na jamii zake Januari 2025. Aleji ya nazi ipo, ila ni adimu, na kama hajawahi kuila muulize daktari. Ninachokuonya ni kashata ya nazi: mara nyingi hupikwa kwenye sufuria iliyotoka kupika ya njugu na kukatwa kwenye sinia moja.

*Baba wa Tudor:* Nimekula jodari ufukweni, baada ya kama nusu saa uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Miaka yote nakula samaki. Nimepata aleji ukubwani?

Inawezekana ndugu yangu, lakini kwa jodari, nguru na vibua kuna kitu chengine kinachofanana nayo sana. Samaki hawa wakikaa joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama yao, na kupika hakuiondoi. Waliokula nawe sahani moja nao walipata? Kama ndio, tatizo ni samaki. Mweleze daktari kabla hujajipiga marufuku. Na ukikosa pumzi, usikae kuchambua ni kipi, nenda hospitali.

*Msomaji wa Likoni:* Kwani moto wa karai hauui hiyo aleji?

Hauui. Ya kamba na ya njugu hustahimili moto, na njugu iliyokaangwa kavu, bila mafuta, ndiyo kali zaidi.

*Shoga wa Majengo:* Tatizo langu si wauzaji, ni mama mkwe. "Kidogo tu, mbona sisi tulikula." Siku ya Idd mtoto anazunguka nyumba kumi, kila nyumba sahani ya vitamu.

Huyu usishindane naye, shoga, mpe kazi. Mwambie, "Mama, wewe ndiye unayejua vya kila nyumba, nisaidie kumchagulia visivyo na njugu, na ukiona akibadilika sindano ni hii." Mwonyeshe kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, aibonyeze pajani mwake. Bibi aliyepewa cheo hulinda kuliko mlinzi wa benki, na nyumba tisa zilizobaki atazisema yeye kwa mdomo wake, ambao wewe huna. Mtoto naye apewe kikapu: anapokea kila kitu kwa adabu, anatia humo, na hafungui mpaka nyumbani.

*Mama Bamburi:* Wangu ni maziwa ya ng'ombe. Jirani anasema nimpe ya mbuzi au ya ngamia.

Ya mbuzi hapana, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe na wengi huwadhuru vile vile. Ya ngamia ni tofauti zaidi na wapo wanaoyavumilia, lakini mara ya kwanza iwe mbele ya daktari, isiwe pikniki Haller Park.

*Mwanachama mpya, Changamwe:* Kalamu yetu imepitwa na tarehe miezi miwili na mpya haijafika. Niitupe?

Usiitupe kabla ya kupata mpya. Angalia kidirisha chake: dawa ikiwa nyeupe kama maji na haina vipande, na mtoto amezidiwa, na nyengine huna, idunge. Nguvu yake huenda imepungua, kwa hivyo hospitali mwende mbio zaidi. Ikiwa imegeuka rangi kuwa kama chai, peleka duka la dawa ikaharibiwe, na pembea zingoje mpaka mpya ifike.