Unasoma kozi ya nadharia tupu? Anza kujitayarisha na kazi likizo hii hii

Wadogo zangu wa Malindi mlio chuo, hasa nyinyi wa historia, hesabu, fizikia, bayolojia, zile kozi ukirudi nyumbani kila shangazi akuuliza "sasa wewe utakuja kuwa nani?", hii ni yenu. Vyuo vyetu vikubwa vinasomesha vizuri, sikatai, lakini vinakupima kwa mtihani, na mwajiri ataka kujua umefanya nini. Kwa ivo kugeuza hayo masomo yawe ushahidi wa kazi ni juu yako, na usingoje mwaka wa 4.

Anza na sivi. Nyingi utakuta zimeandikwa "Nimesoma takwimu, gredi A", basi. Hebu chukua projekti yako uandike ulichofanya, mfano: "Nilihoji wavuvi 40 Mayungu, nikaingiza majibu kwenye Excel, nikalinganisha samaki wa kaskazi na wa kusi, nikaandika ripoti ya kurasa 25." Hapo anayesoma ashajua unaweza kukaa na watu, kupanga data na kuandika, na wala hujajisifu. Ila kama hukufanya usiandike kabisa, manake kwenye intavyuu wataliuliza hilo hilo.

Halafu atachimenti, yaani yale mafunzo ya kazi ofisini ukiwa bado chuo. Msikimbilie wote Nairobi, angalieni hapa nyumbani kwanza. Wa historia kuna makumbusho ya Malindi, kuna Gede, kuna Lamu, zote ziko chini ya National Museums of Kenya. Wa bayolojia, KWS (shirika la wanyamapori) ndo wanasimamia ile hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoko tangu 1968. Wa fizikia nao, pale Ngomeni kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini hapo hapo tarehe 12 Desemba 1970, nenda kaulize!

Kuomba uanze kama miezi 3 kabla. Ofisi nyingi zitaitisha barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali, hii bima ulizia chuoni mapema manake huwa inachelewesha watu sana. Tuma imeili sawa, lakini ukiweza nenda mwenyewe asubuhi, salimia vizuri, ulizia afisa wa wafanyikazi, na ubebe barua mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea ndo ukipiga simu baada ya wiki 2 uwe na tarehe ya kutaja, sio unaanza upya na mtu mwengine.

Chuoni nako kuna ofisi ya career na wengi wanaijua siku ya mahafali. Ingia mwaka wa kwanza, waambie wakusomee sivi na wakufanyie intavyuu ya mazoezi, ni haki yako.

PIN ya KRA (namba ya kodi) na good conduct (cheti cha polisi cha tabia njema) usiweke mpaka mwisho, good conduct waomba eCitizen halafu waenda kuchukuliwa alama za vidole. Ukishamaliza digrii, Public Service Commission wana intanshipu ya miezi 12, fuatilia tovuti yao. Kuomba hakulipiwi hata shilingi, akija mtu ataka hela akuingize, mpige bloku.