Namna ya Kumfundisha Mtoto Mwenye Usonji Kwenda Dukani Peke Yake

Mtoto mwenye usonji (autism), au yule ambaye mawazo yake hutawanyika upesi na mwili wake hautulii, mara nyingi huijua njia ya dukani vizuri kuliko tunavyodhani. Kinachomshinda ni mfululizo wa mambo madogo ambayo sisi huyafanya bila kufikiri. Basi mzazi, nenda dukani wewe kwanza, ukiandika kila tendo: kuchukua pesa, kuvaa viatu, kutembea hadi dirisha la duka, kumsubiri mteja aliyetangulia, kusalimia, kutaja kitu, kutoa pesa, kupokea mkate na chenji, kurudi. Piga picha ya kila tendo katika duka lilelile utakalomtuma, kwa kuwa wengi wa watoto hawa hukielewa wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Kisha fundisha kuanzia mwisho. Siku za kwanza yafanye yote wewe, naye akiwa kando yako, umwachie tendo la mwisho tu, yaani kuubeba mkate hadi nyumbani. Akilizoea bila kukumbushwa, mwongezee la kupokea mkate na chenji, halafu la kutoa pesa, ukirudi nyuma hivyo hadi safari nzima iwe yake. Kwa njia hii kila safari humalizikia mikononi mwake, akiwa amefaulu. Wengi wetu huanza mwanzo, mtoto akakwama njiani, akakaripiwa, na kesho yake akakataa kabisa kutoka. Sijui kosa linalowarudisha nyuma watoto wetu kuliko hilo. Unapomwelekeza, tumia maneno machache, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia, maana agizo la pili likija haraka humkatiza akiwa bado analichambua la kwanza.

Mweleze mwenye duka mapema kwamba mtoto huyu atajibu polepole, na umwombe asimmalizie sentensi. Chagua saa tulivu. Soko kubwa la Kibuye hapa Kisumu, siku ya Jumapili, si mahali pa kuanzia, na mvua ikipiga mabati, safari iahirishwe. Akiziba masikio, akajitupa chini au akapiga kelele, amelemewa; huo si utundu, na kiboko hakitamtuliza. Mwondoe penye kelele, usimhoji, usimshike ghafla, na uyaache maneno hadi pumzi yake itulie.

Kwa kijana aliyebalehe, ushauri nasaha unahitajika sambamba na stadi, kwa sababu yeye huona wenzake wakitumwa hadi mtaa wa Kondele huku yeye akifuatwafuatwa kama mtoto mchanga, na jambo hilo humuuma hata asipolisema. Zungumza naye mkitembea bega kwa bega au mkichambua mboga, bila kumlazimisha akutazame machoni. Kwetu, kutomkodolea mkubwa macho ni adabu; sioni sababu ya kumnyima yeye adabu hiyo. Muulize ni sehemu gani ya safari inayomtisha, naye akishindwa kusema, mpe zile picha aoneshe.

Usiubebe mzigo huu peke yako. Vituo vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto vilianza nchini Kenya mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilicho karibu nawe. Katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, ulizia wataalamu wanaowafunza watoto shughuli za kila siku. Baada ya tathmini ya hospitali, mtoto anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Shuleni, muulize mwalimu mkuu mapema kuhusu muda wa ziada katika mitihani ya kitaifa. Popote uendapo, beba ile orodha ya matendo ukiwa umetia alama yale anayoyaweza tayari, kwa maana mtaalamu atakaa na mwanao muda mfupi, tena katika chumba kigeni, na huenda mtoto asitamke neno hata moja.