Msizibe Dari Popo Wakiwa Ndani: Ushauri kwa Vikundi Vipya vya Kulinda Popo, Arusha na Moshi

Kikundi cha kulinda popo kikianzishwa huku kwetu, iwe Arumeru, Hai au Moshi Vijijini, kazi ya kwanza huwa ile ile. Mwenye nyumba anaita: popo wamejaa darini, mkojo umechora silingi bodi, harufu haivumiliki, njooni muwaondoe. Vijana wanaojitolea wanapanda ngazi saa sita mchana na ndoo ya saruji, wanaziba kila tundu wanaloliona, wanashuka wakipongezwa. Siku chache baadaye mwenye nyumba anawafuata kwa hasira, na habari inasambaa kijiji kizima kwamba hawa watu wa popo wameharibu nyumba ya watu. Kikundi kinakufa hata jina halijafika ofisi ya kata.

Naandika kwa sababu ya kosa hilo. Faida za popo mmeshafundishwa na sitazirudia hapa. Mkulima anayepambana na viwavijeshi kwenye mahindi hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna mnyama anayekula nondo usiku kucha bila malipo.

Mchana popo wamelala. Ukiziba mchana umefungia kundi zima chini ya bati. Watatafuta upenyo wowote wa kushuka: pembeni ya taa, kwenye kona ya silingi bodi iliyolegea, juu ya mlango wa chumba cha kulala. Hapo ndipo mtu anamshika popo kwa mkono, anang'atwa, na sasa jambo limekuwa la hospitali. Wasiopata njia wanafia humo humo. Mwenye nyumba analipa fundi kubomoa dari, ananunua bodi mpya, anapaka rangi upya, na magunia ya mahindi aliyoyahifadhi juu yanatupwa.

Kuna wanaojiona wajanja wanaosema: basi tutaziba usiku, wakishatoka wote. Hawatoki wote. Popo ananyonyesha, na mama akienda kuwinda mtoto anabaki ameng'ang'ania mbao. Mtoto huyo huchukua wiki kadhaa, pengine hata sita, kabla ya kuweza kuruka. Ukiziba usiku, mama watazunguka nyumba hadi alfajiri wakitafuta mlango, na watoto watakufa ndani. Harufu ni ile ile, gharama ni ile ile.

Kwa hiyo swali la kwanza la mafunzo yenu liwe: ni lini? Popo wanaokula wadudu huzaa zaidi mvua zinapowaletea chakula. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, usiguse dari. Na msitegemee kalenda peke yake, kwa sababu wale wadogo wa darini, wenye mkia unaochomoza nje kama wa panya, wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Muda ninaoukubali mimi ni Julai na Agosti, baada ya kukagua. Ukaguzi ni huu: subirini kundi litoke jioni, kisha kaeni kimya chini ya dari kwa dakika 20. Mkisikia vilio vyembamba vinaendelea juu, watoto wapo. Ahirisheni wiki sita, mkague tena. Najua mwenye nyumba atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Dari ikishathibitika haina watoto, popo hafukuzwi. Moshi wa tairi, pilipili ya kuchoma na dawa ya shambani iliyopulizwa juu ya chakula ni mambo ya hatari, na nikisikia kikundi nilichokifundisha kimeyafanya sitakifundisha tena. Popo anawekewa njia ya kutoka isiyomrudisha.

Tumieni wavu wa plastiki wa madirishani, laini, wenye matundu yasiyozidi milimita 4. Chandarua cha kitandani hakifai, kucha zinanasa. Wavu uanze sentimita 10 juu ya tundu, uzidi sentimita 15 kila upande, na ushuke sentimita 60 chini ya tundu. Sitini. Wengi wanakata ishirini ili wavu uenee nyumba mbili, kisha wanashangaa popo wamerudi. Wavu mfupi popo anaujua upesi, anatua chini yake na kupanda. Ufungeni juu na pembeni. Chini uachwe wazi, na katikati uwe umelegea kiasi cha popo kutambaa kati yake na ukuta. Ukipigilia misumari chini pia, umeziba, na tumerudi kwenye kosa lile lile.

Tundu likiwa kwenye kona au chini ya kofia ya bati ambapo wavu haukai vizuri, wekeni kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu inchi 10, mdomo wa nje ukiinama chini. Ndani ya bomba pawe laini, asipate pa kushika akitaka kurudi. Lisiingie darini kwa kina, wasije wakakosa kuliona.

Nyavu na mabomba yakae usiku 7 kamili. Mvua au baridi kali ikiingia katikati, ongezeni usiku mmoja kwa kila usiku mbaya, maana popo wanaweza kukosa kutoka. Usiku wa tatu si usiku wa saba, hata kama mwenye nyumba anasema hasikii kitu tena. Baada ya hapo simameni jioni moja zaidi. Asipotoka hata mmoja, toeni wavu na kuziba siku hiyo hiyo: saruji kwenye ukuta, silikoni kwenye nyufa za fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, waya wa wavu mgumu kwenye nafasi za mikunjo ya bati. Ufa wowote unaopitisha penseli uzibwe.

Kundi linahitaji pa kwenda. Sanduku la mbao lisilopakwa dawa, urefu sentimita 60 au zaidi, lenye vyumba vya nafasi ya sentimita 2 hadi 2.5, mbao za ndani zikikwaruzwa ili kucha zishike, litundikwe mita 4 hadi 6 juu kwenye nguzo au ukuta, mbali na matawi. Huku juu penye baridi, Machame au Tengeru, lielekee jua la asubuhi na lipakwe rangi nyeusi kwa nje. Litangulie kuwekwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kazi ya dari. Si kila sanduku hupata wapangaji, na msimwahidi mtu.

Sasa namna ya kuwafundisha wanaojitolea. Wiki tatu za kwanza hakuna ngazi. Kila jioni ya mazoezi watu wawili wanasimama kila kona ya nyumba, wamefika saa 12:15 jioni na hawaondoki kabla ya saa 1:30 usiku, mmoja anahesabu, mmoja anaandika: tundu gani, wa kwanza katoka saa ngapi, wangapi. Jioni tatu mfululizo kwa nyumba moja. Matundu yanayotumika yanajulikana hapo, na yale yasiyotumika ndiyo pekee yanayoruhusiwa kuzibwa mapema. Vijana huchoka, na wenyeji hawaelewi. Mama mmoja wa Kibosho aliwauliza, "Sasa wanangu, mnasimama tu mnatazama juu, kazi mtaanza lini?" Binti aliyekuwa na daftari akamjibu, "Shikamoo mama, kuhesabu ndiyo kazi yenyewe." Huyo nilimpa uongozi wa kikundi.

Msilipwe kwa idadi ya nyumba. Malipo ya aina hiyo ndiyo yanayofanya usiku wa 7 uwe wa 3.

Anayejitolea hagusi popo kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa. Popo wa Afrika wamekutwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Popo aliyeanguka sakafuni afunikwe kwa kopo, karatasi ngumu ipitishwe chini, apelekwe nje. Kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kinyunyizieni maji kwanza, na vaeni barakoa. Mtaulizwa pia kuhusu virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua, hasa tangu mlipuko wa Kagera mwaka 2023. Jibuni wazi: virusi hivyo vinajulikana kubebwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni, kwa hiyo kikundi chenu hakiingii pangoni kwa sababu yoyote.

Wanaosema vikundi vya vijiji haviwezi, waambieni habari za Pemba. Popo mkubwa anayepatikana kisiwani humo tu aliorodheshwa mwaka 1996 kuwa hatarini kabisa kutoweka. Wanakijiji wakaunda vikundi, wakalinda miti anayolala, Kidike ikawa mahali wageni wanapokwenda kumwona, na mwaka 2008 akashushwa ngazi ya hatari. Vikundi vile vilianza na watu wachache waliokubali kufuata utaratibu.

Nunueni wavu kufikia Juni. Mwenye nyumba anayetaka kazi Aprili, mwonyesheni daftari, mweleze habari za watoto, mwandikieni tarehe ya ukaguzi ya Julai. Akisema ataita fundi aje azibe kesho, mwombeni fundi huyo asimame nanyi jioni moja, ahesabu mwenyewe.