Nyumba ya Pwani Yenye Afya: Mambo ya Kuamua Kabla Msingi Haujachimbwa

Anayejenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huulizwa kwanza idadi ya vyumba, kisha rangi ya bati, kisha aina ya vigae. Ni nadra kuulizwa jua la saa kumi alasiri litapiga chumba gani, au upepo utaingilia wapi na kutokea wapi. Hayo ndiyo yanayoamua kama watu watalala vizuri, kama mbu watapata njia, na kama mzee wa nyumba ataweza kwenda msalani usiku bila kushikwa mkono. Mwongozo huu unafuata hatua za ujenzi, kwa sababu mengi kati ya mambo haya hayana gharama yakiamuliwa kwenye ramani, lakini yakisahaulika hulipiwa kwa umeme wa kiyoyozi, kwa kubomoa au kwa dawa.

Jua na upepo

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini, lakini hata linapoinama zaidi, adhuhuri ya mwishoni mwa Juni, bado liko nyuzi karibu 60 kutoka upeo wa macho. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba upenu wa sentimita 90 unatosha kutia kivuli karibu mita moja na nusu ya ukuta unaotazama kaskazini. Jua la asubuhi na la alasiri ni habari nyingine, kwani huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, likapita chini ya upenu hata ukiurefusha namna gani. Kwa hiyo kuta ndefu za nyumba, zenye madirisha mengi, zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zipewe mashariki na magharibi.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Katika nyumba yangu ya kwanza niliweka chumba cha watoto upande wa magharibi, kwa kuwa huko kulikuwa na mandhari ya kupendeza, na mchoraji wa ramani hakunizuia. Ukuta wa tofali za inchi 6 ulikunywa jua tangu saa nane mchana hadi magharibi, na saa tatu usiku, watoto walipopaswa kulala, ulikuwa ndiyo kwanza unarudisha joto lile ndani. Ukiugusa kwa kiganja ungedhani kuna jiko upande wa pili. Watoto walihamia sebuleni kwenye mkeka, na chumba kikageuka stoo. Kazi hiyo ya stoo ndiyo iliyofaa upande ule tangu mwanzo: magharibi pawekwe stoo, bafu, ngazi au baraza yenye kivuli, na panapowezekana mti kama mwarobaini, uliopandwa mbali kidogo na msingi.

Bahati njema ya mwambao ni kwamba mwelekeo huohuo unaokwepa jua ndio unaopokea upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo miezi ya joto kali. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kama lazima uchague chumba kimoja cha kupendelea, basi chumba cha kulala chenye watu wengi kiwe kwenye kona ya kaskazini-mashariki, mahali ambapo kaskazi itakifikia wakati kinapohitaji hewa zaidi.

Upepo, hata hivyo, hauingii mahali usipoweza kutoka. Waliojenga nyumba ya Kiswahili ya zamani walilijua hilo vizuri: mlango wa mbele, ukumbi na mlango wa uani vilipangwa katika mstari mmoja, na hewa ikapita moja kwa moja kutoka barazani hadi uani. Ramani nyingi za leo zimeziba njia hiyo kwa korido yenye giza na vyumba vyenye dirisha moja moja, na dirisha moja halipitishi upepo, huuchungulia tu. Kila chumba cha kulala kipate madirisha mawili katika kuta mbili tofauti; kisipopata, juu ya mlango wake paachwe nafasi ya sentimita 40 hivi yenye luva za mbao, ili hewa itokee kwenye korido na kutoka upande wa pili wa nyumba. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, jaribio ni rahisi: washa udi jioni karibu na dirisha lililo upande wa upepo, kisha uutazame moshi. Ukielekea mlangoni na kutoka, njia ipo. Ukisimama katikati ya chumba au kurudi dirishani, tafuta pa kutoboa.

Madirisha

Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni limekuwa desturi ya mjini, nami silipendi kwa sababu moja: hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Ukinunua dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2, umenunua mita za mraba 1.8 za mwanga, lakini upepo umeupa 0.9. Ongeza wavu wa mbu, ambao nao hupunguza kasi ya hewa, na utaelewa kwa nini nyumba mpya yenye madirisha makubwa inaweza kuwa na joto kuliko nyumba ya udongo ya jirani. Dirisha la luva au la kufunguka kwa bawaba huachia karibu nafasi yake yote. Luva zina aibu ya kuonekana za kizamani, na zinahitaji nondo imara kwa ajili ya wezi, lakini kwa chumba cha kulala cha pwani sijaona kilicho bora kuliko hizo.

Kimo cha dirisha nacho kina maana. Mafundi wengi huanza dirisha kwenye mita 1.2 kutoka sakafuni, ilhali mtu amelala kwenye sentimita 50 au 60, hivyo upepo humpita juu na kwenda kupuliza kabati. Teremsha kizingiti cha chini mpaka sentimita 60, uweke nondo, na mwili wa aliyelala utaupata upepo wenyewe.

Mbu

Mbu wa jamii ya Anopheles, wanaoeneza malaria, huuma hasa usiku, na njia yao maarufu ya kuingia si mlango bali ni pengo lililo kati ya ukuta na paa. Mbu akifika ukutani hupanda juu, hufika kwenye upenu, hukuta mwanya penye mtambaapanya, yaani ule mti unaolazwa juu ya ukuta kubeba paa, na kuingia. Pengo hilo liliachwa kwa makusudi katika nyumba nyingi za asili ili moshi na joto vitoke, kwa hiyo anayeliziba bila kufungua njia nyingine ya hewa amewafukuza mbu na kuwafungia watu katika tanuri. Usiku wa pili dirisha litaachwa wazi bila wavu, na faida yote itapotea. Mambo haya mawili yafanywe pamoja: mwanya wa mtambaapanya uzibwe kwa chokaa na saruji au kwa wavu, na madirisha yaongezwe.

Mfano wa kutazama uko vijijini Mtwara, ambako nyumba 110 za ghorofa moja zilijengwa kwa ajili ya utafiti wa afya za watoto. Vyumba vya kulala viko juu, mbali na ardhi, kwa kuwa mbu wa malaria wengi huruka chini chini. Sehemu kubwa ya kuta zake hupitisha upepo na kumzuia mbu. Jiko lina bomba la moshi, na maji ya mvua ya paani hukusanywa. Si lazima kuiga umbo lake. Linalofaa kuchukuliwa ni wazo kwamba ukuta unaweza kuwa wavu, si zege tu.

Wavu wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 unatosha. Karibu na bahari usinunue wa chuma, maana chumvi itaula, na uufunge kwenye fremu inayotoka, kwa sababu wavu uliojaa vumbi hauna tofauti na gunia. Usisahau pia kwamba mbu wa homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Tangi lisilo na mfuniko, mchirizi wa paa uliopinda katikati na sahani za chini ya vyungu vya maua ni mazalia yake.

Paa na dari

Bati la rangi ya kahawia iliyoiva au kijivu cha mkaa linapendeza kwenye picha, na hiyo ndiyo sifa yake pekee hapa pwani. Rangi nyeupe au iliyofifia hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua badala ya kuinyonya. Chini ya bati weka dari, na kati ya bati na dari acha hewa itembee: matundu yenye wavu chini ya upenu na mengine juu, kwenye pembetatu za kuta za pembeni, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Dari iliyozibwa kila upande hugeuka blanketi.

Jiko

Mkaa na kuni ndivyo vinavyoumiza zaidi, hasa wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu navyo. Kama familia bado inatumia mkaa, jiko liwe na madirisha mawili yanayotazamana na bomba la moshi linalovuka kilele cha paa. Bomba linaloishia chini ya upenu huurudisha moshi ndani kupitia dirisha la jirani yake. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kwa wageni waliotoka Njombe au Mbeya ambako baridi huwashawishi watu kufanya hivyo, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na huua waliolala. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.

Wanaotumia gesi wanapaswa kujua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi. Paachwe tundu lenye wavu chini ya ukuta wa nje, na ikiwezekana mtungi ukae nje katika kijumba chake chenye matundu na kufuli.

Choo, kisima na unyevu

Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kwamba kisima kikae angalau mita 30 kutoka karo, yaani shimo la maji taka. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20: hata ukiweka kisima kwenye kona moja na karo kwenye kona inayokabiliana nayo, umbali wote ni mita 28 na kidogo, na bado hujahesabu karo la jirani nyuma ya ukuta. Kwa hiyo kwenye viwanja vya namna hiyo kisima kihesabiwe kuwa cha kufulia na kusafishia, na maji yake yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Chanzo cha kunywa kinaweza kuwa mvua: milimita 10 zikinyesha kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, kabla ya kutoa kinachopotea. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, kwani ndiyo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, na hata hayo yaliyobaki yachemshwe.

Unyevu unaopanda ukutani huleta ukungu, na ukungu huwasumbua wenye pumu. Chini ya jamvi la zege tandika nailoni nzito, na juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta, weka tabaka la kuzuia maji. Mchanga wa ufukweni usitumike. Chumvi yake huvuta maji na kubandua plasta, na hakuna rangi itakayoficha madoa yale kwa zaidi ya mwaka.

Wazee

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu makazi, ya mwaka 2018, inazihesabu hatari za kuanguka na ugumu wa kupita kwa wenye ulemavu miongoni mwa mambo ya afya ya nyumba, sawa na joto na msongamano. Mafundi wetu huyaona hayo kuwa mambo ya hospitali, mpaka bibi aje kukaa. Nyumba ikiwa ya ghorofa, chumba kimoja na choo kimoja viwe chini. Milango iwe na upana wa sentimita 90. Vidato vya ngazi viwe na kimo cha sentimita 15 hadi 17, vyote vikilingana, maana kidato kimoja kilichozidi ndicho kinachoangusha. Na mteremko wa mlangoni upewe sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Vigae vya bafuni viwe vya kukwaruza. Mbele ya nyumba acha baraza, hata ndogo, yenye kivuli cha alasiri, kwa sababu mzee anayeonana na wapita njia hajatengwa.

Kabla ya kupokea funguo

Usiku mmoja kabla ya makabidhiano, zima taa zote, ujifungie chumbani na umwombe fundi azunguke nje na tochi, akimulika mtambaapanya, fremu za madirisha na chini ya milango. Kila panapopenya mwanga pasipo na wavu, weka alama ya chaki, kisha uende chumba kinachofuata. Malipo ya mwisho yabaki mfukoni mpaka alama zote ziwe zimezibwa na zoezi limerudiwa gizani.