Riwaya ya vita? Fuata sufuria

Ukishika riwaya ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, usihangaike sana na majina ya majenerali na miji iliyotekwa. Chukua penseli, upige mstari kila panapotajwa chakula, chumvi, pesa na mahali pa kulala. Hali ya raia utaikuta humo.

Jaribu na Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie (2006), inayohusu vita vya Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970. Mwanzoni tuko kwa mhadhiri wa chuo kikuu mjini Nsukka: friji ina kuku, na Ugwu, kijana wa kazi aliyetoka kijijini, anaficha vipande mfukoni siku ya kwanza tu. Vita vikikolea, Olanna, mpenzi wa mhadhiri huyo, msomi na binti wa tajiri, anahangaika kwenye kituo cha msaada. Siku anayobahatika kopo la nyama, askari waliovurugwa akili na vita wanampora njiani. Kopo moja! Kwangu ukurasa huo unauma kuliko mabomu yote ya kitabu. Na si chumvi za mwandishi: Biafra ilizingirwa kweli, chakula kikaadimika, watoto wakavimba kwa kwashiakoo. Dada yake Olanna, Kainene, naye anavuka upande wa adui kutafuta biashara. Yaliyompata sisemi, soma.

Kwa wanafunzi: ukiulizwa athari za vita kwa raia, hiyo mistari ya penseli ndiyo mifano yako. Andika na namba ya ukurasa pembeni.