Jinsi ya kusoma dropu za CoPP kwenye rauta kabla hujakimbilia kuongeza limiti

Kama unashika rauta za ISP au za ofisi kubwa hii lazima imeshakukuta: mteja anatuma skrinshoti ya traceroute (kipimo cha njia ya paketi, kila rauta njiani ni hopu moja), hopu ya tatu ni nyota tupu au inaonyesha lossi asilimia 40, na anataka jibu sasa hivi. Unaingia kwenye rauta unapiga komandi, unakuta CoPP (Control Plane Policing, kinga inayowekea limiti trafiki inayoingia kwenye CPU ya rauta) ina dropu, yaani paketi ilizotupa, laki nne na ushee, moyo unaenda mbio, mkono unaenda kwenye konfigi kuongeza limiti. Usiongeze kwanza. Hiyo limiti ndo inayofanya CPU isizame siku mtu akianza kuimwagia rauta yako takataka, na ukiongeza bila kujua nini kinadropiwa unakuwa umefungua mlango bila kuuliza nani anabisha.

Tuwekane sawa kidogo. Trafiki ya wateja inapita tu kwenye rauta, haigusi CPU. Kinachopanda mpaka kwenye CPU ni BGP na OSPF (protokali za rauta kupeana njia), SSH ya kuingia kwenye rauta, SNMP ya monitaringi, ARP (inayoulizia MAC, yaani anwani ya kifaa, ya IP fulani), pingi zinazolenga IP ya rauta yenyewe, paketi ambazo TTL (idadi ya hopu zilizobaki) imeishia hapo, na zile zinazoelekea kwa mashine ya LAN ambayo rauta bado haijui MAC yake. CoPP inasimama mlangoni pa hiyo CPU tu, na inagawa paketi kwa klasi, kila klasi na limiti yake. Kwahiyo dropu za hapa hazihesabu paketi za mteja anayeangalia video, na hili peke yake linajibu nusu ya malalamiko: kama hopu ya tatu ina lossi lakini hopu zinazofuata mpaka mwisho hazina, basi rauta imekataa tu kujibu traceroute haraka, trafiki inapita vizuri.

Hatua ya 1: piga komandi, halafu usome klasi kwa klasi

Mifano yangu ni ya Cisco IOS. Kwenye Nexus komandi ni `show policy-map interface control-plane` na mpangilio unatofautiana kidogo ila akili ni ileile.

```
Router# show policy-map control-plane
    Class-map: class-default
      9120447 packets, 884210933 bytes
      5 minute offered rate 91000 bps, drop rate 28000 bps
      police:
          cir 64000 bps, bc 2000 bytes
        conformed 8702115 packets, 843100113 bytes, actions:
          transmit
        exceeded 418332 packets, 41110820 bytes, actions:
          drop
        conformed 63000 bps, exceeded 28000 bps
```

Nimekata mistari mingine ili uone vizuri. cir ni limiti ya kasi, bc ni baiti zinazoruhusiwa kuja kwa mpigo. Conformed ni zilizopita ndani ya limiti, exceeded ni zilizozidi. Lakini angalia neno lililo chini ya actions, usidhani tu. Kuna konfigi nyingi ambazo exceeded nayo imeandikwa transmit, yaani polisa (ile sehemu inayosimamia limiti) inahesabu bila kudropu chochote, watu wanaweka hivyo wakati wa kupima na wanasahau. Hapo unaweza kuhangaika masaa mawili na dropu ambazo hazipo.

Hatua ya 2: soma mara mbili

Laki nne na elfu kumi na nane ni nyingi? Hujui bado. Kaunta inaweza kuwa inajumlisha tangu rauta iwashwe miaka mitatu iliyopita. Subiri dakika moja kamili, piga tena. Tuseme sasa exceeded inasoma 420475, tofauti ni 2143, gawa kwa 60, ni kama paketi 36 kwa sekunde. Sasa una kitu cha kuongea. Isingesogea kabisa ungejua hiyo ni historia na tatizo la leo liko kwengine.

Mimi sipendi kufuta kaunta katikati ya tatizo, unapoteza ushahidi na mwenzako wa zamu ya usiku hatakuwa na cha kulinganisha. Nakopi autiputi yote kwenye faili pamoja na saa, basi.

Halafu ile "5 minute" usiiamini sana. Ni wastani. Kama mlipuko ni wa sekunde moja kila baada ya dakika chache, drop rate inaweza kusoma sifuri huku exceeded inapanda taratibu. Fuata exceeded.

Hatua ya 3: uliza ni klasi ya nani

Dropu kwenye klasi ya ICMP (pingi na wenzake) au kwenye class-default (kapu la vyote visivyo na klasi) mara nyingi ni CoPP inafanya kazi yake. Dropu kwenye klasi ya rauting hata kumi tu kwa dakika, acha chai yako ushughulike. OSPF kwenye Ethernet inatuma hello (salamu za "niko hai") kila sekunde 10 na inamtangaza jirani amekufa baada ya 40, kwahiyo hello nne mfululizo zikipotea jirani kaanguka. BGP kwa difolti ya Cisco ni keepalive (salamu yake) kila sekunde 60 na hold time 180, yaani ikipita hiyo bila kusikia kitu inakata kikao.

SNMP ikidropiwa huoni mtandao ukianguka, unaona mapengo kwenye grafu, na hapo watu wanalaumu seva ya monitaringi bure.

Hatua ya 4: hakikisha kila kitu kiko kwenye klasi yake

Hapa ndo pana utamu wenyewe na ndo watu wengi hawafiki. Rauta inasoma klasi kutoka juu kwenda chini, ya kwanza kumechi inachukua paketi, kisichomechi popote kinamwagikia class-default. Pia kumbuka deny kwenye akses-listi (orodha inayochagua paketi za klasi) ya CoPP haimaanishi dropu, inamaanisha "hii sio ya klasi hii, jaribu inayofuata".

Kuna mtandao mmoja niliitwa, BGP na jirani mmoja inaanguka kila baada ya muda, logi inasema hold time imeisha, notifikesheni 4/0, na kikao hichohicho kilikuwa kimekaa miezi bila shida. Klasi ya BGP ina exceeded sifuri. Safi kabisa. Ila nilichoshangaa ni kwamba hata conformed yake ilikuwa haisogei, na kikao kiko juu! Sasa BGP inapita wapi? Nikapiga hii:

```
Router# show ip bgp neighbors 192.0.2.1 | include port
Local host: 192.0.2.2, Local port: 41822
Foreign host: 192.0.2.1, Foreign port: 179
```

Nimebadilisha IP na namba ya poti ila picha ni hiyo. Poti 179 iko upande wa jirani, maana yake safari hii rauta yetu ndo iliyoanzisha kikao, kwahiyo paketi zinazoingia kwetu zina 179 kama poti ya chanzo na poti ya kwenda ni 41822. Akses-listi ilikuwa na mstari mmoja tu unaomechi 179 kama poti ya kwenda. Miezi yote ile jirani ndo alikuwa anaanzisha, ikamechi. Rauta zikarebutiwa usiku mmoja, safari hii sisi tukawahi, na BGP yote ikahamia class-default kimyakimya, kusongamana na ARP na skani za mtandaoni.

Rudi uangalie ile autiputi ya juu, cir 64000 na bc 2000. 64000 bps ni baiti 8000 kwa sekunde, yaani paketi kama tano za baiti 1500. Na bc ya baiti 2000 inabeba paketi moja nzima, ya pili ikija mgongoni mwake imezidi. Jirani anamwaga tebo nzima ya intaneti, rauti karibu milioni moja, paketi kubwa zinafuatana, TCP inarudia na kurudia huku ikizidi kupunguza mwendo, na keepalive imekwama nyuma ya foleni. Sekunde 180 zinaisha, kikao kinaanguka, kinaanza upya na kumwaga tena.

Dawa haikuwa kuongeza limiti, ilikuwa mstari wa pili:

```
ip access-list extended ACL-BGP
 permit tcp host 192.0.2.1 host 192.0.2.2 eq bgp
 permit tcp host 192.0.2.1 eq bgp host 192.0.2.2
```

Kama una majirani wa IPv6 wanahitaji akses-listi yao ya IPv6, hii ya IPv4 haiwagusi hata kidogo.

Hatua ya 5: tafuta anayejaza class-default

`show arp | include Incomplete` ni ya kwanza. Ukiona makumi ya Incomplete kwenye sabneti moja, kuna mtu anaskani IP ambazo hazina mashine na rauta inajibidiisha kuziulizia MAC. Halafu `show processes cpu sorted`, angalia kama ARP Input au IP Input imekaa juu. Kama CPU iko chini na rauting imetulia, dropu za class-default ziache.

Kwenye IOS XE kuna polisa nyingine chini kabisa isiyotokea kwenye policy-map. Kama CoPP yako haina dropu lakini dalili zipo, piga `show platform hardware qfp active statistics drop` utafute PuntPerCausePolicerDrops. Hii imenisaidia zaidi ya mara moja.

Hatua ya 6: ukibadilisha, pima

Badilisha kitu kimoja. Kopi autiputi kabla, subiri dakika moja, kopi baada. Ukiongeza ule mstari wa pili unatakiwa uone conformed ya klasi ya BGP imeanza kupanda papo hapo, hata kama kikao hakijarudi juu, na exceeded ya class-default imepungua kasi. Ikiwa conformed ya BGP haijasogea, akses-listi haijamechi, kagua IP zako upya, hasa kama kikao kinatumia loopback (IP ya ndani ya rauta, sio ya intafesi). Kikikaa juu na exceeded za klasi ya rauting zikabaki sifuri mpaka kesho yake, hapo ndo unapiga `write memory`.