Biashara ya huduma: jinsi ya kutumia teknolojia mfanye kazi nyingi zaidi kwa muda uleule

Wengi wakisikia teknolojia wanakimbilia kununua, mara kompyuta mpya mara apu ya kulipia kila mwezi, alafu miezi inapita na kazi ni ileile. Hata Marekani ilishaonekana, mwaka 1987 mchumi Robert Solow aliandika kwamba kompyuta ziko kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Kwahiyo kabla ya kununua chochote, kwa siku chache wewe na wenzako andikeni kila kinachowala muda: simu za kuuliza mnafungua saa ngapi, kutafuta karatasi ya mteja, kumsubiri mtu ambaye hatokei. Mara nyingi huduma yenyewe haina shida, siku inaliwa na vitu vya pembeni na hivyo ndo vya kuiachia mashine.

Mi ningeanza na miadi. Saa ya kinyozi ikipita kiti kitupu huwezi kuiweka stoo uiuze kesho kama sabuni, imeenda. Tumieni kalenda moja ya mtandaoni, mfano Google Calendar, kila mfanyakazi aione kwenye simu yake na mteja akikubali muda iandikwe hapohapo. Siku moja kabla mteja atumiwe meseji ya kumkumbusha, na iwe rahisi kujibu kwamba haji, maana anayesema mapema anakupa nafasi ya kumwita mwingine. Ila msijaze siku yote hadi pomoni! Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila mpangilio, ukitoka kuwa bize asilimia 50 ya muda ukafika 90, wastani wa kusubiri unapanda mara 9 hivi, watu wanachoka wanaondoka.

Ukimaliza hapo nenda kwenye meseji. WhatsApp Business ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja tu, ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri, na ujumbe wa kujijibu wenyewe mkishafunga. Inatosha kabisa kuanzia.

Kumbukumbu za wateja wekeni kwenye Excel au Google Sheets: jina, simu, alifanyiwa nini, lini, nani alimhudumia. Fundi akiumwa mwenzake anaendelea pale alipoishia bila kumuuliza mteja upya. Wekeni nywila, na msikusanye taarifa ambazo hamna kazi nazo.

Alafu pimeni, kazi ngapi zinaisha kwa wiki, mteja anasubiri muda gani, ngapi zinarudiwa, mlinganishe na kabla hamjaanza ndo muongeze kitu kingine. Na tafadhali wanaofanya kazi ndo wajaribu apu kabla hujalipia, wao ndo wanajua inapokwama. Mkishaizoea pangeni tarehe ya kuacha daftari la zamani, maana kuandika huku na kule ni kazi mara mbili.